Tambi za Nazi, Wiki Sita Kabla ya Mtihani

Mpendwa mtahiniwa,

Katika sura zilizotangulia tumepitia ngeli, uambishaji, ufupisho na aina za insha. Kabla hujaingia kwenye majaribio yaliyo mwishoni mwa kitabu hiki, weka kalamu chini kidogo. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza kupika chakula kimoja cha jioni, tambi za nazi na mboga, katika wiki sita za mwisho kabla ya mtihani wangu wa kidato cha nne.

Usishangae kukuta mapishi katika kitabu cha marudio. Nimefundisha kwa miaka kadhaa sasa, na najua kwamba saa kumi na mbili jioni si kila mtahiniwa yuko mezani na daftari. Wengine mko mbele ya jiko, mna wadogo zenu wanaosubiri kula, na daftari liko kwapani. Mimi nilikuwa mmoja wenu. Kwa hiyo masimulizi haya ni yenu kwanza, wengine watasoma kwa faida yao.

Ilikuwa mwaka 2007, mjini Tanga, mtaa wa Makorora. Nilikuwa mwanafunzi wa kutwa. Baba alikuwa dereva wa lori. Akiondoka, tulizoea kumwona baada ya wiki mbili au tatu. Mama alikaanga vitumbua alfajiri na kuviuza kando ya barabara. Wiki sita kabla ya mtihani wa taifa, mama alilazwa hospitali akafanyiwa upasuaji, na mama mkubwa akaenda kumwuguza. Nyumbani tukabaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la tano, na kitinda mimba wetu wa darasa la pili. Mama alipokuwa anapanda gari aliniambia neno moja tu: "Wadogo zako wasilale na njaa."

Hakusema neno lolote kuhusu mtihani. Nadhani aliamini huo nitaujua mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilipika kama nilivyomwona mama akipika: maharage na ugali, maharage na wali. Ukiwa na jiko moja la mkaa, maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanakula zaidi ya saa mbili, na bado hujasonga ugali. Nilifika kutoka shule saa kumi na moja, nikabandika maharage saa kumi na mbili kasorobo, tukala saa tatu kasoro. Nikishaosha vyombo na kuwalaza wadogo zangu, nafungua daftari la Historia saa nne za usiku na kusinzia kabla ya kumaliza ukurasa. Matokeo ya moko yalikuwa yameshatoka. Kiswahili nilipata C. Hisabati sitaki kuitaja hapa, nisije nikakuambukiza.

Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana. Kwanza, nitaacha maharage, ninunue tambi, kwa kuwa tambi zinaiva upesi. Pili, nitasoma huku napika. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine daftari. Nilijiona nimegundua jambo ambalo watahiniwa wote wa Tanga hawajaligundua.

Siku hiyo nilinunua pakiti moja ya tambi na nazi moja kwa fedha ya mwisho ya wiki ile. Umeme ulikuwa umekatika. Niliweka koroboi juu ya kigoda, nikachemsha tambi, nikamwaga maji yote, nikazirudisha kwenye sufuria, nikamimina tui zito lote kwa mara moja, nikafunika. Jiko lilikuwa limejaa makaa yanayowaka kweli kweli. Nikainama kwenye koroboi nisome sababu za Vita vya Maji Maji. Nilikuwa nimefika sababu ya tatu. Najua ilikuwa ya tatu kwa sababu mpaka leo nikiifikia naanza kusikia harufu.

Nilipofunua sufuria, tui lilikuwa limekatika. Mafuta yalielea juu peke yake, chini kuna chengachenga nyeupe, na tambi zimeshikana na kitako cha sufuria kama zimepigwa gundi. Zilizokuwa juu zilinuka moshi. Mdogo wangu wa kiume alijitahidi, akala alizoweza. Yule mdogo alionja mara moja, akaweka kijiko chini, akanywa maji kikombe kizima, akaenda kulala. Hakulia. Ningependa angelia.

Usiku huohuo mama mkubwa alipiga simu kwa jirani, nikaitwa. Akampa mama simu azungumze nami. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akauliza, "Wadogo zako wamekula?"

Nikasema, "Wamekula, mama."

Sikulala vizuri. Si kwa sababu ya mtihani.

Kesho yake, nikiwa nakwangua sufuria kwa mchanga uani, Bibi wa nyumba ya pili aliniita. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini mtaa mzima tulimwita Bibi, naye alituita wajukuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jana sufuria yako ililala kwangu."

"Ililala kwako, Bibi?"

"Kwa harufu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma."

"Na sufuria alikuwa anaipika nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi akaingia ndani, akatoka na nazi mbili na mbuzi yake ya kukunia, akaniambia nikae. "Ukipika, pika. Ukimaliza, kasome. Moto haumsubiri mwanafunzi," akasema. Jioni ile alinifundisha chakula ambacho ninakipika hadi leo. Nitakueleza hatua kwa hatua, kwa sababu ukikielewa kitakurudishia muda wako.

Kwa watu wanne andaa pakiti moja ya tambi ya gramu 500, nazi moja kubwa au mbili ndogo, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, karoti mbili, pilipili hoho moja, nyanya mbili zilizoiva, fungu moja la mchicha, na kikombe cha njegere au kunde zilizokwisha chemshwa. Ongeza nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi na kipande cha ndimu. Hakuna nyama wala samaki ndani yake. Njegere au kunde ndizo zitakazokupa protini, kwa hiyo usiziache ukidhani ni pambo.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla sufuria haijakaa jikoni. Washa mkaa, na wakati unashika moto, fanya kazi zote za kisu na mbuzi. Mkaa huchukua kama robo saa kukolea, na robo saa hiyo watu wengi huipoteza wakipepea na kutazama. Kuna nazi. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke pembeni. Tia vikombe viwili vingine kwenye machicha yaleyale, kamua tena: hilo ni tui jepesi, liweke kwenye chombo kingine. Usiyachanganye. Katakata mboga zote vipande vidogo vinavyolingana. Kipande kidogo huiva haraka kuliko kikubwa, na vikilingana vitaiva pamoja. Panga kila kitu karibu nawe kwa mfuatano utakaovitumia.

Hatua ya pili, chemsha maji mengi, lita tatu hivi. Yakichemka kabisa tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kisha tambi. Dakika mbili za mwanzo usitoke hapo. Koroga. Tambi ni unga wa ngano, na unga ni wanga. Zikiingia kwenye maji ya moto, wanga ulio juu yake hulainika na kunata, na usipokoroga zitashikana. Baada ya dakika nane au tisa onja moja. Ikiwa bado ina ugumu kidogo katikati, epua. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja ukiweke. Bibi aliyaita "maji ya akiba". Usizioshe tambi kwa maji baridi, maana utaondoa wanga unaosaidia mchuzi kushika.

Hatua ya tatu, rudisha sufuria ileile jikoni. Mafuta, kitunguu, kitunguu saumu. Kitunguu kikilainika, tia bizari na karoti, kisha nyanya, ukoroge mpaka nyanya zivunjike. Mimina tui jepesi, tia hoho na njegere, acha vichemke dakika tano. Mchicha uingie mwisho, kwa kuwa hauhitaji zaidi ya dakika mbili.

Hatua ya nne ndiyo niliyoiharibu mimi. Punguza moto kwanza. Ondoa makaa mawili matatu uyaweke pembeni. Rudisha tambi kwenye mchuzi, kisha mimina tui zito kidogo kidogo, huku unakoroga kwa upande mmoja, bila kufunika. Tui ni mafuta na maji yaliyokubali kukaa pamoja kwa muda. Ukiyachemsha kwa fujo, mafuta hujitenga, na hapo ndipo tunasema tui limekatika. Likianza kufukuta tu, likawa zito na linang'aa, basi. Likiwa zito mno, ongeza maji ya akiba kidogo; ule wanga uliomo hufanya mchuzi uwe laini na ushike vizuri kwenye tambi. Epua, kamulia ndimu wakati sufuria haiko tena motoni, pakua.

Ukiwa mbali na pwani na nazi ni ghali, tumia nusu lita ya maziwa. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano katika maziwa yakiwa bado baridi, kisha yamimine mahali pa tui zito na ukoroge mpaka yawe mazito. Ladha itakuwa nyingine, ulaini utakuwa uleule. Ukitumia maziwa, usitie ndimu.

Tangu mkaa unapokolea hadi kupakua, hesabu nusu saa. Jioni ile nilikaa kwenye daftari saa moja na nusu jioni, wadogo zangu wameshiba. Yule wa darasa la pili aliomba aongezewe.

Sasa nisikilize vizuri. Sikupika tambi kila siku, maana hatukuwa na uwezo huo. Nilipika siku tatu kwa wiki. Siku nyingine nilipika maharage, lakini Bibi alinifundisha kuyaloweka tangu usiku, jambo linalopunguza muda wa kuchemka, na kuyachemsha mengi mara moja Jumapili. Hebu piga hesabu ya zile siku za tambi peke yake. Kila siku niliokoa saa moja na nusu. Siku tatu kwa wiki ni saa nne na nusu. Kwa wiki tano zilizobaki ni saa 22 na nusu. Nilikuwa nalalamika kwamba sina muda wa kusoma, kumbe saa 22 na nusu zilikuwa ndani ya sufuria.

Huenda unauliza: je, jikoni nilipoteza muda kabisa, nisijifunze lolote? Hapana. Niliacha kubeba daftari, nikagundua kwamba jiko lenyewe lina somo la Kiswahili, na somo hilo haliunguzi chakula kwa sababu linatoka katika kazi yenyewe.

Siku moja Bibi aliniambia, "Nipe mbuzi nikalie." Mdogo wangu akacheka mpaka akashika tumbo, akidhani Bibi anataka kumkalia mnyama. Mbuzi ni mnyama afugwaye, na mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi. Nikaanza kutazama vyombo kwa jicho jingine. Mwiko ni kifaa cha kusongea na kukorogea, na mwiko ni jambo lililokatazwa katika jamii. Kaa ni kipande cha mkaa unaowaka, ni kiumbe wa baharini, na ni kitendo cha kuketi. Chungu ni chombo cha kupikia, na chungu ni ladha ya shubiri. Meza ni mahali pa kuwekea sahani, na meza ni kitendo cha kupitisha chakula kooni. Maswali ya maana za maneno, yaliyonitoa jasho kwenye moko, yalikuwa yananing'inia ukutani kwetu siku zote.

Na tambi nazo. Uzi wa koroboi unaitwa utambi, na wingi wake ni tambi. Kwa hiyo ukisema "Tambi zimeungua," msikilizaji hajui kama unazungumzia koroboi au chakula. Hiyo ndiyo sentensi tata. Ukitaka kuondoa utata, irudishe kwenye umoja: "Utambi umeungua" ni wa koroboi, ngeli ya U-ZI, "Tambi imeungua" ni ya chakula, ngeli ya I-ZI. Usiku ule wa kwanza zote mbili ziliungua, na mimi nilikuwa katikati. Sikuhitaji tena kukariri mfano wa sentensi tata kutoka kwenye kitabu.

Chukua kalamu sasa hivi. Tunga sentensi mbili kwa neno mwiko, kila moja kwa maana yake. Halafu tazama jikoni kwenu utafute maneno matatu mengine ambayo sikuyataja.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha. Tuithibitishe methali isemayo "Mshika mbili moja humponyoka." Darasa zima tulikuwa na insha moja tuliyoirithi kwa waliotutangulia: hapo zamani za kale paliondokea mwindaji, akawaona swala wawili, akawafukuza wote, akakosa wote. Nilianza kuiandika. Nikafika kwa swala wa pili, nikasimama. Sijawahi kumwona mwindaji. Sijawahi kufukuza swala. Lakini nimewahi kushika daftari na mwiko kwa wakati mmoja, na najua kilichoniponyoka.

Nikakata ile aya kwa mstari mmoja, nikaandika upya. Niliandika juu ya koroboi, tui lililokatika, na mtoto aliyekunywa maji akaenda kulala. Nikaandika kwamba mama aliuliza kama wadogo zangu wamekula, nami nikasema wamekula. Lilikuwa jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Madaftari yaliporudi, langu halikuwamo. Mwalimu aliniita ofisini. Nilijua nimeharibu. Alikuwa nalo mezani, limefunguliwa.

"Hii insha umeitunga?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Yote umetunga, au imetokea?"

Nikanyamaza. Akangoja. Mwishowe nikasema, "Imetokea, mwalimu."

Akauliza mama yuko wapi, nani anapika, nani anawaamsha watoto asubuhi. Nikamjibu yote. Hakunihurumia kwa maneno mengi. Alisema tangu siku ile niruhusiwe kuondoka mara vipindi vinapokwisha, nisikae kwenye masomo ya jioni, na kwamba atakuwa ananipa maswali ya jioni hiyo mkononi ili nikayafanyie nyumbani. Alichukua pia kalamu nyekundu akanionyesha makosa manne ya tahajia. Alinipa alama kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kwenye insha, na makosa yale manne aliyahesabu vilevile.

Nataka ukumbuke mambo mawili hapo. La kwanza ni la mtihani. Msahihishaji anasoma insha nyingi, na mwindaji na swala wake wawili ameshakutana nao mara nyingi. Insha ya kukariri haikosi maneno. Inakosa mtu ndani yake. Ukipewa methali, jiulize kwanza: hili limewahi kunipata wapi? Kama limekupata jikoni, andika jikoni. Kama limekupata shambani, gengeni au kwenye daladala, andika huko. Utaratibu uliojifunza katika kitabu hiki ubaki palepale: utangulizi, kiini na hitimisho, aya zenye wazo moja moja, na lugha fasaha. Ila kinachoingia humo kiwe chako.

La pili ni kubwa kuliko mtihani. Mwalimu wangu hakuwa anajua, kwa sababu sikuwa nimesema. Kwa wiki tatu nilichelewa, nikasinzia darasani, nikaadhibiwa mara mbili, na mdomo nimeufunga, nikiamini kwamba mwanamume hasemi anapika. Kama unapika, unalea, unauguza, au unauza kitu baada ya shule ili nyumbani pakalike, mwambie mwalimu mmoja unayemwamini. Usingoje insha ije ikusemee. Hatutaweza kukuondolea mzigo wote, lakini mara nyingi tunaweza kuusogeza kidogo, nawe ukapita.

Mama alirudi siku nne kabla ya mtihani. Alikuwa amekonda na anatembea ameshika ubavu. Jioni ile nilipika tambi za nazi. Nilipunguza moto, nikaondoa makaa matatu, nikamimina tui kidogo kidogo, nikakoroga. Mama alikuwa ameketi mlangoni ananitazama, na sikuwa nimewahi kupika huku ananitazama. Nilipompa sahani, alikula polepole, akamaliza.

Kabla sijasema lolote, kitinda mimba wetu akadakia: "Mama, hizi nzuri. Zile za kwanza ziliungua tukalala na njaa."

Chumba kikawa kimya. Mama akanitazama. Nikasema, "Ni kweli, mama. Siku ile uliyopiga simu, nilikudanganya."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Sauti yako haijui kudanganya." Akamsogezea mdogo wangu sahani. "Lakini sasa wamekula?"

"Wamekula, mama."

Safari hii lilikuwa jibu la kweli.

Nilifanya mtihani. Sikupata daraja la kwanza, na sitakudanganya kwamba sufuria ya tambi ilinifanya niwe bingwa wa shule. Nilipata daraja la pili, nikaendelea na kidato cha tano, nikasoma ualimu chuo kikuu, na leo naandika kitabu unachokishika. Hisabati bado sitaki kuitaja. Bibi ametangulia mbele ya haki, na ile mbuzi yake iko kwangu; mguu mmoja umepigiliwa msumari, lakini inakuna.

Mpaka sasa, wakati wa kusahihisha majaribio yenu, nikirudi nyumbani nimechoka napika chakula hikihiki. Nikiwa jikoni, karatasi zenu zinabaki sebuleni. Naweka simu mbali pia, kwa maana siku hizi daftari limepungua jikoni, lakini simu imechukua nafasi yake, na tui linakatika vilevile. Nusu saa baadaye nimekula, nimenawa mikono, nami nasoma insha zenu nikiwa mzima.

Basi leo jioni, kama zamu ya kupika ni yako, usijione umeonewa kuliko wenzako wote. Washa mkaa, na unaposhika moto kata mboga zako. Panga kila kitu karibu. Simama mbele ya sufuria mpaka uepue. Wape wadogo zako kwanza. Kisha osha mikono, kaa mezani, fungua ukurasa unaofuata wa kitabu hiki, ufanye jaribio la kwanza bila kuinuka.

Nakutakia maandalizi mema na mtihani mwema.